Waheshimiwa, tuonyesheni mkataba kabla hamjasaini: barua ya wazi kuhusu misamaha ya kodi kwa makampuni makubwa

Waheshimiwa mameya, madiwani na nyie wote mnaokaa kwenye meza ya mazungumzo na wawekezaji wakubwa,

Salaam. Nawaandikia kwa heshima ila nina uchungu na hii ishu na sitaki kuuficha. Kila baada ya muda tunasikia jiji fulani limempata mwekezaji mkubwa, picha zinapigwa, mikono inashikwa, idadi ya ajira inatajwa kwa sauti kubwa, alafu kule chini kabisa mwa tangazo ndo unakuta kampuni imesamehewa kodi ya majengo miaka 10, wengine 15, wengine 20. Ukiuliza mkataba uko wapi unaambiwa ni siri ya biashara. Shida yangu iko hapo hapo, kwenye siri. Sisemi mwekezaji afukuzwe, watu wanataka kazi na mji usio na kazi unakufa taratibu, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba hiyo hela mnayosamehe sio yenu binafsi, ni ya watu wa mji, ni madarasa yao na barabara zao na maji yao, sasa wenye hela waone wanachotoa kabla hakijatolewa, sio kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Angalieni kilichotokea Amazon walipotangaza Septemba 2017 kwamba wanatafuta mji wa kujenga makao makuu yao ya pili. Waliahidi ajira hadi 50,000 na uwekezaji wa dola bilioni 5, na miji na majimbo ya Marekani, Kanada na Mexico yakakimbilia, maombi 238 kwa ujumla. Fikirieni, sehemu 238 zinampelekea kampuni moja taarifa za ardhi yao, barabara zao, wasomi wao, mipango yao ya miaka ijayo, bure kabisa, na miji mingi ikasaini makubaliano ya kutunza siri kiasi kwamba wakazi wenyewe hawakujua viongozi wao wameahidi nini kwa jina lao. New Jersey walikuwa tayari kutoa hadi dola bilioni 7 ili kampuni ije Newark. Maryland wakafika zaidi ya bilioni 8 ukihesabu na usafiri na miundombinu. Haya, nani alishinda? Novemba 2018 kampuni ikasema inagawa mradi, nusu Long Island City kule New York na nusu Arlington, Virginia. Na Virginia hawakuwa wametoa bilioni 7, waliahidi dola milioni 573 za kulipwa moja kwa moja kulingana na ajira 25,000 zitakazokuja, mzigo mkubwa wa ahadi yao ukawa kwenye elimu, kusomesha vijana mambo ya kompyuta na kujenga kampasi mpya ya chuo cha Virginia Tech.

Hapo kuna kitu nataka mkiangalie kwa makini. Machi 2023 Amazon walisimamisha ujenzi wa awamu ya pili kule Arlington. Kampasi ile ya chuo, iliyoko Alexandria jirani na hapo, haikusimama, ikaendelea kujengwa na jengo lake la kwanza likaanza kutumika 2025. Yaani hela iliyowekwa kwa watu wa pale inabaki pale hata kampuni ikibadili mawazo, lakini hela iliyosamehewa kampuni inaondoka na kampuni.

New York nako ni somo. Dili lilikuwa la karibu dola bilioni 3, wakazi na baadhi ya wanasiasa wa pale wakalipinga kwa nguvu, na tarehe 14 Februari 2019 Amazon wakajitoa. Kelele zikawa nyingi kwamba wapinzani wameua ajira. Desemba mwaka huo huo Amazon wakakodi ofisi Manhattan kwa ajili ya wafanyakazi 1,500 bila ile ruzuku. Najua 1,500 sio 25,000, sitaki kuwadanganya, lakini swali linabaki, kama wasingekuja bila kulipwa mbona walikuja? Walikuja kwa sababu watu waliokuwa wanawatafuta wako pale, na hiyo ndo sababu kampuni nyingi zinachagua mji, wafanyakazi, usafiri, soko, umeme wa uhakika. Kodi inakuja nyuma ya hayo.

Mchumi Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn kule Michigan amechambua tafiti nyingi za hili jambo na makadirio yake ni kwamba vivutio hivi, yaani misamaha na ruzuku, vinabadilisha uamuzi wa kampuni kati ya asilimia 2 na asilimia 25 tu ya zile zinazopewa. Chukueni hata hiyo ya juu. Maana yake kampuni tatu katika kila nne zingekuja tu, au zingebaki tu pale zilipo, hata msingetoa senti. Mnawalipa wafanye walichokuwa tayari wameamua kufanya! Na kampuni haiwezi kuwaambia kwamba imeshaamua, hata ningekuwa mimi nisingesema, nitawaacha mshindane mpaka mwisho na nitawatajia jina la mji mwingine kila mkisita.

Naelewa presha mnayopata. Mkikataa alafu kampuni ikaenda mji wa jirani mtaimbiwa mpaka uchaguzi, mkikubali mnakata utepe mwaka huu na bili inakuja miaka 12 baadaye wakati ofisini yuko mtu mwingine. Ndo maana nasema siri ndo mzizi wa tatizo, kwa sababu ikiwa mkataba uko wazi toka mwanzo basi hata lawama hamtabeba peke yenu.

Sasa njooni Mount Pleasant, Wisconsin, mji mdogo wa watu kama 27,000. Mwaka 2017 Foxconn, kampuni ya kutengeneza vifaa vya elektroniki, waliahidi kujenga kiwanda cha skrini cha dola bilioni 10 na kuajiri watu hadi 13,000. Jimbo likaweka mezani vivutio vya karibu dola bilioni 3, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya dola 200,000 kwa kila ajira moja iliyoahidiwa. Ofisi ya bajeti ya bunge la jimbo lenyewe ilisema mapema kabisa kwamba hela hiyo isingerudi mpaka kama mwaka 2043, na hapo ni endapo kila kitu kingeenda kama kilivyoahidiwa. Alafu kuna jambo ambalo wananchi wengi hawaambiwi, neno "punguzo la kodi" linatufanya tudhani kampuni inalipa kodi kidogo tu, basi. Wisconsin viwanda vilikuwa tayari vinalipa karibu na sifuri ya kodi ya mapato ya jimbo, kwahiyo sehemu kubwa ya hilo "punguzo" ingekuwa pesa taslimu, jimbo linaandika hundi kwa kampuni. Kwenye mikataba yenu hebu angalieni kama kuna kipengele kinachosema kiasi kinachozidi kodi kitarejeshwa kwa kampuni, kwa sababu kikiwepo basi huo sio msamaha tena, ni malipo.

Kilichoniuma zaidi ni ya ardhi. Ili kupata eneo, baraza la Mount Pleasant mwaka 2018 lilitangaza eneo kubwa kuwa ni chakavu, neno la kisheria linalorahisisha kuchukua mali za watu, wakati ndani yake kulikuwa na nyumba nzuri zinazokaliwa na mashamba yanayolimwa. Nyumba kwa makumi zikabomolewa. Barabara zikapanuliwa, mabomba ya maji yakavutwa, mji ukakopa kwa ajili ya hayo yote. Alafu kiwanda kile kilichoahidiwa hakikuja. Aprili 2021 mkataba na jimbo ukaandikwa upya, ajira zikashuka kutoka 13,000 hadi 1,454, na vivutio vikashuka kutoka karibu bilioni 3 hadi dola milioni 80.

Na hapa nitende haki. Jimbo la Wisconsin halikupoteza zile bilioni 3, kwa nini? Kwa sababu mkataba wake ulisema malipo yanafuata ajira, hakuna ajira hakuna hela, na kampuni ilipodai ikanyimwa. Hicho kipengele kimoja kimeokoa mabilioni. Mzigo ulibaki kwa serikali za chini, zilizotumia hela mwanzoni, zilizonunua ardhi na kuchimba mitaro kwa kuamini ahadi. Baadaye Microsoft wakanunua sehemu ya ardhi ile kujenga data senta, yaani majengo ya kompyuta zinazohifadhi na kuchakata data, kwahiyo sio kwamba eneo limekaa bure milele, ila mwenye nyumba iliyobomolewa hakubomolewa kwa ajili ya data senta, alibomolewa kwa ajili ya ajira 13,000 za kiwandani ambazo hajaziona mpaka leo.

Nikizungumzia data senta lazima nitaje The Dalles, Oregon, maana sasa hivi kila mji unaambiwa data senta ndo neema mpya. Google wapo pale tangu 2006 na wamepewa misamaha ya kodi mara kadhaa. Mji wenyewe una watu kama 16,000. Mitambo ya kompyuta inachemka, inapozwa kwa maji, sasa watu wakataka kujua, hivi hawa jamaa wanatumia maji kiasi gani? Gazeti la The Oregonian likaomba takwimu. Halmashauri ikakataa, ikasema ni siri ya biashara ya kampuni, na ofisa wa serikali alipoamua takwimu zitolewe, halmashauri ikalipeleka gazeti mahakamani mwaka 2021. Yaani serikali ya mji inamshtaki mwandishi ili wakazi wasijue maji yao yanaenda wapi. Kesi iliisha Desemba 2022 kwa mji kukubali kutoa namba, na namba zikaonyesha mwaka 2021 data senta zilitumia galoni milioni 355, zaidi ya robo ya maji yote ya mji, na matumizi yalikuwa yamekaribia kuongezeka mara tatu ndani ya miaka mitano.

Someni tena hiyo. Robo ya maji. Na hakuna aliyetakiwa kujua. Mimi naamini kabisa kwamba mwanzoni hawakuwa watu wabaya, walisaini tu karatasi ya siri kama wengi mnavyosaini, mkiambiwa ni utaratibu wa kawaida, kampuni inakuja na jina la bandia la mradi, diwani anapiga kura bila hata kujua anampigia nani, na baada ya miaka michache unajikuta unamlinda mwekezaji dhidi ya watu waliokuchagua. Kwahiyo msisaini hiyo karatasi. Kama kampuni ina siri ya kiufundi kwenye mashine zake ibaki nayo, lakini kiasi cha kodi, kiasi cha maji, kiasi cha umeme, idadi ya ajira na mshahara wake, hivyo sio siri ya mtu, hivyo ni hesabu za mji.

Swali lingine, nani anapoteza pale kodi inaposamehewa? Mara nyingi ni shule, kwa sababu sehemu nyingi shule zinaendeshwa na kodi ya majengo, na mara nyingi tena watu wa shule hawana hata kiti kwenye kikao. Louisiana wamekuwa na mpango wa kusamehe viwanda kodi ya majengo tangu miaka ya 1930, na uamuzi ulikuwa unafanywa na bodi ya jimbo wakati hela inayopotea ni ya shule na serikali za chini. Miaka yote hiyo! Mwaka 2016 gavana John Bel Edwards akatoa amri kwamba bodi za shule na serikali za chini nazo ziulizwe. Kilichofuata ni kwamba ExxonMobil walipoomba msamaha Baton Rouge, Oktoba 2018 walimu wakapiga kura kwamba watatoka madarasani siku nzima kupinga, maombi yakaondolewa kwenye ajenda, na Januari 2019 bodi ya shule ikakataa ombi. Kiwanda cha kusafisha mafuta hakikuhama. Bado kiko pale pale Baton Rouge, kwa sababu bomba, bandari na mto haviwezi kubebwa kwenye begi.

Ndo maana kati ya yote ninayoomba, hili la shule naliweka mbele. Anayepoteza hela awe na kura. Kama msamaha unakula bajeti ya elimu, basi watu wa elimu waseme ndio au hapana, na hapana yao iheshimiwe.

Kuna wale mtakaosema sisi tukiacha, mji wa jirani hautaacha. Ni kweli, na hapo ndo vita vya panzi furaha ya kunguru. Kansas City imekatwa katikati na mpaka wa majimbo mawili, Kansas na Missouri, na kwa miaka majimbo hayo yalikuwa yanalipa kampuni zivuke barabara tu. AMC, wale wa majumba ya sinema, walitoka upande wa Missouri wakaenda Kansas, Applebee's, wale wa migahawa, wakatoka Kansas wakaenda Missouri, wafanyakazi wengi ni wale wale, wanaishi nyumba zile zile, kilichobadilika ni njia ya kwenda kazini asubuhi na mamilioni yaliyotoka hazina. Ajira mpya kwa eneo zima hakuna. Mwaka 2019 majimbo yote mawili yakakubaliana kuacha, Missouri kwa sheria na Kansas kwa amri ya gavana. Waliweza. Viongozi wa vyama viwili tofauti, majirani waliokuwa wanapigana miaka mingi, walikaa wakaona wanaumizana, kwahiyo na nyie pigieni simu meya wa mji wa pili kabla kampuni haijawapigia wote wawili.

Kuhusu kurudisha hela pale ahadi zisipotimizwa, nitasema kwa kifupi maana linajulikana. Winston-Salem, North Carolina, waliweka kwenye mkataba wao na Dell kwamba kampuni ikifunga inarudisha, kiwanda kilifunguliwa 2005, 2009 Dell wakatangaza kukifunga, na mamilioni ya dola yakarudi kwa mji na wilaya. Boston na jimbo lake, General Electric walipopunguza mipango yao ya makao makuu pale 2019, kampuni ikarudisha dola milioni 87 kwa jimbo. Bila hicho kipengele mnabaki kulalamika kama ilivyokuwa Bochum, Ujerumani, mwaka 2008 Nokia walipofunga kiwanda chenye wafanyakazi kama 2,300 na kuhamia Romania baada ya kuwa wamechukua ruzuku kwa miaka, serikali ya jimbo ikabaki inavutana nao kudai hela. Na huko Romania nako walitangaza kufunga 2011, miaka mitatu tu.

Alafu kuna huyu ambaye hatajwi kabisa kwenye hotuba za kukata utepe, mfanyabiashara mdogo ambaye yupo mjini miaka yote, anaajiri watu watano au kumi, analipa kodi yake yote kwa wakati, akichelewa anapigwa faini. Hakuna aliyewahi kumuita ofisini kumuuliza tukupunguzie nini ili ubaki. Sasa unapomsamehe kampuni kubwa inayouza kitu kile kile anachouza yeye, umemfanya alipie barabara ambayo mshindani wake anapitishia malori. Hiyo sio haki kwa namna yoyote ile na sijasikia bado hoja ya kunishawishi vinginevyo. Kama mna hela ya kusaidia biashara basi kuna mambo yanayosaidia wote kwa pamoja, mafunzo ya ufundi, umeme usiokatika, vibali vinavyotoka kwa siku badala ya miezi. Kampuni kubwa nayo inavitaka hivyo hivyo, na ikiondoka haivifungashi.

Na tusidanganyane kwamba kuweka wazi kunafukuza wawekezaji. Marekani tangu kanuni ya uhasibu namba 77 ya bodi yao ya viwango vya serikali ilipotolewa 2015, miji inayofuata kanuni hizo inatakiwa kuonyesha kwenye taarifa yake ya mwaka imepoteza kodi kiasi gani kwa misamaha. Kampuni hazijaacha kujenga. Umoja wa Ulaya nao ruzuku kubwa kwa kampuni lazima ipelekwe Tume ikaguliwe kwanza, na viwanda bado vinajengwa huko. Anayekimbia kwa sababu watu wameomba kusoma mkataba alikuwa na kitu kwenye mkataba.

Ninachoomba kinawezekana na hakihitaji hela. Mkataba wote uwekwe hadharani siku 60 kabla ya kura, sio muhtasari wa kurasa mbili ulioandikwa na kampuni yenyewe. Pembeni yake iwekwe hesabu iliyofanywa na mtu asiyelipwa na upande wowote, kodi itakayosamehewa kila mwaka, kila ajira inagharimu kiasi gani, mshahara wake ni upi, maji na umeme kiasi gani, na shule zinapoteza nini. Malipo yafuate ajira zilizohesabiwa, sio ajira zilizotangazwa. Kila mwaka atoke mtu aseme mbele ya baraza, waliahidi hivi, wamefanya hivi, na zisipofika hela irudi bila kuhitaji kesi.

Najua kuna baadhi yenu mna mkataba wa namna hii mezani sasa hivi, una jina la mradi lisiloeleweka na tarehe ya kusaini imeshapangwa. Uwekeni wazi wiki hii. Na kikao cha kuujadili msikiite saa nne asubuhi siku ya kazi, kiiteni jioni watu wakishatoka kazini, ili hao mnaowatafutia ajira waweze kuja kusikiliza na kuuliza.

Kwa heshima,
mlipa kodi